Kubadili redio ya gari Mwanza: maswali tunayoulizwa kila siku

Kazi yangu ni umeme wa magari, hapa Nyakato, na sehemu kubwa ya kazi hiyo siku hizi ni redio. Maswali ni yale yale. Wengine wanapiga simu wakiwa Sengerema au Magu, wengine wanakuja dashibodi ikiwa imeshafunguliwa na nyaya zinaning'inia kama utumbo wa sangara. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa. Moja niliseme mapema kwa sababu litarudi tena na tena humu: balaa nyingi ninazoletewa hazikuanzia kwenye redio mpya. Zilianzia pale mtu aliposhika koleo akakata soketi iliyokuja na gari.

Fundi, gari imetoka Japani juzi, redio inawaka vizuri ila inashika stesheni mbili tu. Imekufa?

Haijafa. Imetengenezewa Japani, na Japani FM yao ilianzia megahezi 76 hadi 90, baadaye wakaisogeza hadi 95. Sisi FM yetu inaanzia 87.5 hadi 108. Redio yako inachungulia kipande kidogo tu cha masafa yetu, na stesheni zilizo juu ya hapo haizioni kabisa, hata ukipanda nayo juu ya jiwe.

Dawa ya haraka ni ekspanda, kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Kinachofanya ni kushusha masafa kwa namba maalumu. Kama chako kinashusha kwa 16, stesheni ya 100.0 utaipata kwenye 84.0. Kwa hiyo unatembea na hesabu ya kutoa kichwani, na abiria anayetaka stesheni ya RFA anakuuliza mbona namba siyo ile inayotangazwa.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. FM yetu ina upana wa megahezi 20.5. Redio ya 76 hadi 90 ina upana wa 14. Maji ya ndoo ya lita ishirini hayaingii kwenye ndoo ya lita kumi na nne. Hakuna ekspanda itakayokupa stesheni zote kwa mpigo. Lazima chini au juu pakatwe. Kama unazozipenda zimeangukia ndani, umepona, na umetumia hela kidogo. Kama hazimo, ndipo tunaanza kuzungumzia redio mpya.

Nilibadilisha betri, sasa redio imeandika Kijapani na inadai kadi. Kadi gani?

Hili linaumiza watu wengi. Redio nyingi za skrini za Toyota huhifadhi ramani, na wakati mwingine programu yenyewe ya kuwakia, kwenye kadi ya SD. Maadamu betri haijatolewa, redio inaishi na kumbukumbu yake. Ukitoa betri inasahau, inaitafuta ile kadi, na kadi ilishachomolewa na mtu njiani aliyedhani ni ya muziki. Nyingine hazidai kadi, zinadai namba ya siri ambayo mwenye gari wa kwanza aliiweka akiwa huko kwao.

Wapo wanaozifungua, kwa kutumia namba zinazoonekana kwenye skrini au kwa kukuuzia nakala ya kadi. Wengine wanajua kazi, wengine wanabahatisha. Ushauri wangu ni wa kibiashara tu: ulizia bei ya kufungua, kisha ulizia bei ya redio rahisi yenye Bluetooth na USB. Zikikaribiana, chukua redio. Hata ukifanikiwa kuifungua ile ya zamani, FM bado ni ya Japani, ramani ni ya Japani, na TV yake ni ya mfumo wa ISDB-T wakati Tanzania tunatumia DVB-T2, kwa hiyo picha hutapata. DVD nayo inaweza kugoma, maana Japani wako kanda ya 2 na huku tumepangwa kanda ya 5.

Kama yako bado inafanya kazi na unaipenda, mwambie fundi wa betri aunge betri ya pili pembeni kabla hajatoa ya kwanza. Ni dakika mbili za kazi.

Nitajuaje redio niliyoiona dukani itaingia kwenye gari langu?

Usipime kwa macho. Chukua rula. Kipimo cha kawaida cha dunia ni upana wa milimita 180, na urefu wa 50 kwa redio nyembamba au 100 kwa redio pana. Toyota wao tundu lao ni la 200 kwa 100. Kwa hiyo ukinunua ya 180 ukaiweka kwenye IST au Noah, inabaki nafasi ya kidole kila upande. Ndiyo maana zipo redio zinazouzwa kama "za Toyota", zimefikishwa 200, na nyingine zinakuja na vipande vya plastiki vya kuziba pembeni. Skrini kubwa za inchi 9 na 10 ni habari nyingine: hizo zinahitaji fremu ya modeli yako na mwaka wako. Usidhani fremu ya gari moja itaingia kwenye jingine kwa sababu tu magari hayo ni ndugu. Nenda na picha ya dashibodi yako kwenye simu.

Kabla ya yote angalia kama redio yako ni redio tu. Kwenye Subaru Legacy za 2003 hadi 2009, redio na vitufe vya AC viko kwenye paneli moja. Baadhi ya Crown AC inaongozwa kwenye ile ile skrini ya kiwandani. Ukiing'oa unakaa na gari lenye muziki mzuri na joto la saa saba mchana pale Igoma.

Ninunue Android au redio ya kawaida?

Inategemea gari linafanya nini. Kama ni mchomoko unaokimbiza abiria kutoka alfajiri, chukua redio ya kawaida yenye vitufe, Bluetooth na USB. Inawaka hapo hapo, haipati joto, kidole kinaijua bila kuitazama. Android ni tamu kwa ramani, kamera ya nyuma na watoto, lakini zile za bei ya chini zinaandikwa mambo makubwa kwenye boksi kuliko yaliyomo ndani. Nimefungua redio iliyoandikwa kumbukumbu kubwa, ikakwama kwenye kufungua ramani tu. Namba inayoonekana kwenye "kuhusu kifaa" inaweza kubandikwa na aliyeitengeneza. Jaribu dukani kabla ya kulipa: washa ramani, cheza muziki, rudi nyuma, piga simu kwa Bluetooth, vyote kwa wakati mmoja. Ikianza kusuasua hapo kwenye kivuli cha duka, ndani ya gari lililoegeshwa juani Kirumba Mwaloni itakuwaje?

Ukiifunga, ingia kwenye mipangilio ya redio uchague eneo la Ulaya. Ikibaki Marekani, inaruka kwa hatua za 0.2 na inasimama kwenye namba witiri tu baada ya nukta: 88.1, 88.3, 88.5. Stesheni yenye namba shufwa itakuja na mkwaruzo au haitakuja. Watu wamerudisha redio dukani kwa kosa hili.

Halafu ule waya wa breki ya mkono. Kila mteja ananiambia "fundi, uunge kwenye bodi ili video icheze gari likitembea". Umewekwa ili dereva asiangalie picha akiendesha. Mimi nauunga kwenye breki ya mkono. Anayetaka vingine ataufungua mwenyewe akifika kwake.

Rangi za nyaya si zinafanana? Nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano?

Kaka, hapa ndipo redio zinapofia.

Nyaya za redio za dukani zina utaratibu wake: njano ni umeme wa kudumu kutoka betri, nyekundu ni umeme wa ACC unaokuja ukizungusha ufunguo, nyeusi ni ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Rangi ya chungwa ni ya taa. Buluu ni ya antena, buluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya. Spika ni nyeupe kwa mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Kila moja ina mwenzake wa rangi hiyo hiyo mwenye mstari mweusi, huyo ndiye hasi.

Sasa njoo kwenye Toyota nyingi tunazoletewa. Umeme wa kudumu ni buluu yenye mstari wa njano. ACC ni kijivu. Ethi ni kahawia. Kijani ni taa. Spika za mbele kulia ni kijani mpauko na buluu, mbele kushoto ni waridi na zambarau. Nyuma kulia ni nyekundu na nyeupe, nyuma kushoto ni nyeusi na njano.

Soma tena hayo mafungu mawili taratibu. Nyekundu ya redio ni umeme, nyekundu ya Toyota ni spika. Nyeusi ya redio ni ethi, nyeusi ya Toyota ni spika. Njano hivyo hivyo. Anayelinganisha rangi hizo tatu redio haiwaki, basi, anasema ameuziwa mbovu. Huyo ana bahati. Asiye na bahati ni wa kijivu kwa kijivu: kijivu ya redio ni ya kutolea sauti, kijivu ya Toyota ina volti 12. Unaingiza umeme wa betri kwenye mdomo wa amplifaya ya ndani. Na wa kijani kwa kijani anaweza kusikiliza muziki mchana kutwa, jioni akiwasha taa ndipo umeme unaingia kwenye spika ya nyuma na redio inanyamaza.

Nayajua haya kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza kazi niliachiwa IST ya mwalimu mmoja wa Buhongwa. Niliupata umeme kwa testa, nikaona mimi sasa fundi, zilizobaki nikalinganisha rangi. Kijivu kwa kijivu. Nilipozungusha ufunguo skrini iliwaka, nikanusa harufu kama ya plastiki inayoungua, na redio haikutoa hata sauti ya "tik". Nililipa redio ile kidogo kidogo kwa miezi minne.

Njia salama ni kununua soketi za kuunganishia. Toyota wana mbili: moja ya pini 10, nyingine ya pini 6. Zinauzwa kwa jozi na ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na redio. Unaunga nyaya za redio kwenye soketi hizo mezani, umekaa, una mwanga, kisha unachomeka tu kwenye gari. Siku ukiuza gari, unachomoa redio yako na kurudisha ya zamani kama ilivyokuwa. Soketi ikishakatwa, kila fundi atakayefuata atakuwa anakisia, na kila akikisia atakata sentimita mbili zaidi, hadi nyaya zinafika mafichoni nyuma ya dashibodi na hakuna mkono unaozifikia.

Kama soketi ilishakatwa kabla hujalinunua gari, tumia mita, usitumie macho. Tafuta waya wenye volti 12 ufunguo ukiwa mfukoni: huo wa kudumu. Wenye volti 12 kwenye ACC tu: huo wa ACC. Ethi pima kwa kulinganisha na bodi. Spika zigundue kwa betri ya remoti, ile ya volti 1.5: gusa nyaya mbili kwa sekunde moja, spika ya mlango husika itatoa mkwaruzo. Nissan, Mazda na Subaru wana rangi zao, usiwapelekee za Toyota.

Mwisho kwenye nyaya: hasi ya spika usiifunge kwenye bodi. Redio za leo zinasukuma spika kwa nyaya zote mbili. Zamani kulikuwa na magari ya kufunga hasi kwenye bati, na wazee wengine wa kazi bado wana mkono huo.

Nimefunga redio mpya, asubuhi gari haliwaki. Betri imekuwa mbovu ghafla?

Kwanza uliza njano na nyekundu zimeungwa wapi. Zikiwa zote kwenye umeme wa kudumu, redio hailali. Zikibadilishana nafasi, redio inasahau stesheni zako kila ukizima gari, na mara nyingine haizimiki vizuri.

Kupima ni rahisi. Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa. Toa hasi ya betri, weka mita ya ampea katikati. Ikisoma chini ya miliampea 50, hiyo ni kawaida. Kwa siku nzima inakula ampea-saa (Ah) 1.2 tu, na betri ya NS40 yenye Ah 35 inaweza kukaa wiki kadhaa. Ikisoma nusu ampea, ni Ah 12 kwa siku. Ijumaa jioni umeegesha, Jumatatu asubuhi unatafuta wa kukubusti.

Chomoa fyuzi ya redio huku unaangalia mita. Isiposhuka, redio haina kosa, kalaumu king'ora au taa ya buti.

Redio kuzima na kuwaka tena wakati wa kupiga stata siyo ugonjwa. Umeme wa ACC unakatwa kwa makusudi ili stata ipate nguvu.

Boksi limeandikwa wati 50 mara nne. Mbona sauti inapasuka nikiongeza?

Geuza redio, angalia fyuzi iliyo nyuma. Ni ya ampea 10 au 15. Gari likiwaka alteneta inatoa kama volti 14.4. Ampea 10 mara 14.4 ni wati 144, na wewe umeahidiwa 200. Zitoke wapi? Na hapo hatujatoa joto, maana chipu ya redio inapoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto. Ukweli ni kwamba kila spika inapata takriban wati 15 hadi 20 za kudumu. Ile 50 ni kilele cha kufumba na kufumbua. Kwenye karatasi ya maelezo tafuta neno RMS, ndizo hizo wati za kudumu. Redio isiyoliandika ina sababu zake.

Nianze na redio au spika?

Spika, na kabla ya spika, mlango.

Spika za karatasi zilizokaa miaka kumi na mitano zimechoka. Weka za inchi 6.5 mbele zenye omu 4, tumia pete ya kuzikalishia badala ya kuchana bati, na utasikia redio ile ile imekuwa nyingine. Mlango nao una matundu makubwa ya kiwandani yaliyofunikwa nailoni tu. Sauti ya mbele ya spika na ya nyuma zinakutana humo na besi inajiua yenyewe. Bandika shiti za lami na foili ndani ya bati, ziba matundu, lakini yale ya chini ya mlango ya kutolea maji uyaache wazi. Nimefungua mlango wa gari ukamwaga maji kama lita moja kwa sababu mtu aliziba kila alichokiona.

Ile nailoni usiitupe. Ndiyo inayozuia maji ya mvua yasifike kwenye spika na kwenye ubao wa ndani wa mlango. Walio Dar es Salaam wana chumvi ya bahari ya kuwalia vyuma. Sisi ziwa letu ni maji baridi, kutu inakuja polepole, lakini spika ya karatasi haiulizi maji yana chumvi au hayana.

Chanya na hasi ya spika zote zifanane. Ikigeuzwa moja, hiyo inavuta wakati mwenzake anasukuma, na besi inapotea katikati ya gari. Ukikaa karibu na mlango mmoja unaisikia, ukikaa katikati haipo. Ile betri ya remoti tena: ukigusa chanya kwa chanya, uso wa spika uruke kuja nje.

Na usiunge spika mbili za omu 4 kwenye njia moja ya redio. Pamoja zinakuwa omu 2, redio nyingi hazijajengewa hilo.

Nataka sabufa. Nyaya za kawaida hazitoshi?

Hazitoshi, na hapa sibishani na mteja, naacha kazi. Amplifaya inayotoa wati 500 za kweli, hata ikiwa ya aina isiyopoteza sana, itavuta kama ampea 45 kwenye kilele cha muziki. Waya mwembamba hapo unageuka kuwa hita.

Chukua waya wa namba 4 wa shaba. Namba ikiwa ndogo, waya ni mnene, usidanganyike. Kwarua kwa wembe: ikitokea nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inapitisha umeme kidogo kuliko shaba tupu. Siyo haramu, ila basi ununue nene zaidi. Waya unatoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi inakaa ndani ya dhiraa moja kutoka kwenye betri, kiwiko hadi ncha ya kidole. Fyuzi hiyo inalinda waya. Ukiiweka kule nyuma karibu na amplifaya, mita nne za waya zinapita chini ya zulia bila mlinzi, na siku bati likiukwangua hakuna kitu cha kuukata umeme.

Fyuzi ikiungua, weka ya namba ile ile. Karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara nimeikuta kwenye magari matatu tofauti, na moja lilikuwa limeshaunguza zulia.

Ethi ya amplifaya iwe fupi. Kwangua rangi hadi bati ling'ae, funga kwa nati. Nyaya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, pitisha upande mmoja wa gari, waya wa umeme upande mwingine.

Usipandishe kile kitasa cha "gain" kana kwamba ni cha sauti. Kinaoanisha amplifaya na redio. Weka redio robo tatu, pandisha kitasa hadi sauti ianze kuchafuka, rudisha kidogo, acha hapo.

Na majirani wapo. Kelele na mitetemo ina kanuni zake tangu 2015, na wasimamizi wa mazingira wanapokea malalamiko. Sabufa ya gari lililoegeshwa saa sita usiku Mabatini inasikika hadi mlimani kwenye mawe.

Kuna mlio "wiiii" unaopanda nikikanyaga mafuta.

Alteneta inaimba kupitia ethi mbovu. Chomoa RCA kwenye amplifaya: mlio ukiisha, unatoka mbele, ukibaki, anza na ethi ya nyuma. Chaja ya simu ya bei rahisi nayo inapiga kelele, ichomoe kwanza kabla hujalipa mtu kufungua gari.

Redio ya zamani ilishika vizuri kuliko mpya. Kwa nini?

Toyota nyingi zina kikuza mawimbi ndani ya antena, na kikuza hicho kinakula volti 12. Redio ya kiwandani ilikuwa inakilisha. Ya kwako ina waya wa buluu ambao fundi ameufunga selotepu akaona hauna kazi. Uunge, stesheni zinarudi. Kingine ni kichwa cha antena: cha Toyota hakifanani na tundu la redio za dukani, na wapo wanaoingiza nusu nusu badala ya kutumia kiunganishi.

Kama vyote viko sawa na bado inakatika ukipita nyuma ya vilima, hapo sina dawa. FM inasafiri kwa kuonana, na mji huu umejengwa katikati ya mawe.

Vitufe vya usukani vitafanya kazi?

Vingi, ndiyo, kama redio mpya ina nyaya za Key 1 na Key 2. Kila kitufe kina ukinzani wake. Unaifundisha redio kimoja kimoja. Usiguse soketi za njano chini ya usukani. Hizo ni za airbag.

Nina Coaster. Ni sawa tu?

Coaster nyingi za dizeli na Fuso ni volti 24. Redio ni volti 12. Weka kibadilishi cha 24 kwenda 12. Usichukue umeme kwenye betri moja kati ya mbili: moja itachajiwa kupita kiasi, nyingine itakufa njaa.

Ile redio ya zamani nifanye nini? Shemeji yangu Ukerewe anaitaka kwa ajili ya mtumbwi.

Mpe. Redio ya gari haijui kama iko kwenye gari, inajua volti 12 tu. Aunge waya wa umeme wa kudumu na wa ACC pamoja kupitia swichi moja (kwa redio ya Toyota ni buluu yenye mstari wa njano na kijivu, kwa ya dukani ni njano na nyekundu), aweke fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, ethi iende hasi (kahawia kwa ya Toyota, nyeusi kwa ya dukani). Wavuvi wa dagaa siku hizi wengi wana betri na taa za LED, kwa hiyo umeme upo. Ila asiiunge kwenye paneli ya sola moja kwa moja: paneli inayoitwa ya volti 12 bila mzigo inafika volti 20 na ushee, na redio itakufa jua likitoka tu. Paneli iende kwenye kidhibiti, kidhibiti kwenye betri, redio inywe kwenye betri.

Spika achukue zenye uso wa plastiki, na redio aifunge juu, chini ya kibanda, uso ukiinama kidogo ili maji yasitulie kwenye vitufe. Akitaka FM ya huku, umpe na ile ekspanda. Na soketi yake, kama ilishakatwa kwenye gari, mpelekee nayo.